Doti Moja, Vipande Viwili: Nguo za Wamama Niliowakuta Morogoro



Tangu nirudi kutoka Tanzania, wengi wananiuliza nitaandika lini juu ya mpunga. Nitaandika, musiogope. Lakini leo muniruhusu niandike juu ya nguo. Najua kuna wenye watacheka: mtu wa agronomia, lisansi nzima, anatuletea mambo ya mavazi! Mucheke tu. Katika miezi mitatu ya mafunzo niliyofanya Morogoro, pahali nilipokosea zaidi haikuwa mbegu wala mbolea. Ilikuwa nguo.

Kosa lenyewe nililiandika kwa vidole vyangu. Siku ya nne nilimtumia mdogo wangu meseji: "Huku wamama hawajui kuvaa. Mtu anatoka na nguo ya kulalia mpaka dukani." Akanijibu na vile vichwa vinavyolia kwa kucheka. Ile meseji ingali ndani ya simu yangu, sikuifuta.

Mtu wa Uvira anaelewa nilikuwa natoka na macho gani. Kwetu, mwanamke mwenye kujiheshimu akitoka anavalaka kikwembe. Na kikwembe si kitambaa tu. Unanunua yadi 6, unapeleka kwa fundi, inatoka libaya na sketi, na kipande kinachobaki unakifunga juu kiunoni, njo watu wajue huyu ni mke wa mtu. Kikwembe kinaingia katika mahari. Tarehe 8 mwezi wa tatu, mama mwenye hana kikwembe cha ile siku anajisikia kama hakualikwa. Mama yangu anauza ndagala sokoni, lakini ana sanduku lenye halifunguliwi hovyo, na chini kabisa ya lile sanduku kuna kimoja anachokiita "cha Olande", kwa sauti ya mtu anayetaja pesa za benki. Waksi ya Olande kweli ina historia: kiwanda cha Vlisco kilianza huko Helmond mwaka 1846, na Waholanzi walikuwa wanaiga batiki ya Java. Kwa hiyo hii nguo tunayoiita ya mababu ilizunguka Indonesia na Ulaya kwanza mbele ya kufika kwetu. Lakini mwambie mama yangu hivyo, utaona.

Basi, nilivuka Bujumbura, nikafika Kigoma, kisha basi. Kigoma haikunishangaza. Wamama wa pale wanavaa vitenge kama sisi, hata muuzaji mmoja sokoni alinisifia mali yake kwamba ni "vya Kongo", bila kujua anamwambia nani. Mabadiliko nilianza kuyaona mbele, ku vituo vya basi. Mwanamke anauza mayai ya kuchemsha dirishani: sketi ya chaguwa (wao wanasema mitumba), fulana ya timu ya mpira, na juu yake kitambaa chepesi cha rangi kali kimefungwa kiunoni, na kingine kichwani. Vitambaa vyote viwili sawasawa, kama mapacha. Nilipofika Msamvu, kituo kikubwa cha Morogoro, nikaona kila aina. Wasichana wa chuo na jinzi zao. Wamama wa baibui jeusi na mtandio. Wengine na dera, ile gauni pana inayoingiza upepo kila upande, ambayo kwa joto lile nilikuja kuipenda sana. Mwalimu mmoja na kitenge kilichoshonwa vizuri kuliko vyetu, nakubali. Lakini kile kitambaa chepesi kilikuwa pote: juu ya jinzi, juu ya dera, mgongoni kwa yule wa baibui akiwa amebebea mtoto. Kanga.

Hapo njo niliandika ile meseji. Kwa macho yangu, kile kilikuwa kitambaa cha kuogea.

Sasa nieleze namna kanga inavyotengenezwa, sababu mambo mengine yote yanatoka hapo. Ni pamba, nyepesi, upana wa mita moja na kidogo, urefu wa mita moja na nusu hivi. Imezungukwa na pindo pande zote nne. Katikati panaitwa mji. Upande wa chini wa mji kuna mstari mmoja wa maneno, unaitwa jina. Na haiuzwi moja. Inauzwa vipande viwili vimeshikana, vinaitwa doti. Unakata mwenyewe katikati, unapinda ncha kwa cherehani, unapata kanga mbili za jina moja. Basi, kazi ya fundi imeisha. Kikwembe chetu kinakatwa kifuate mwili wa mtu mmoja, na huyo mtu akinenepa, kilio. Kanga inabaki pande nne. Haina mwili, kwa hiyo inaweza kuwa ya mwili wowote na ya kazi yoyote.

Nililielewa hilo shambani. Tulikuwa tunafuata wakulima wanaopandikiza mpunga kwenye mabonde ya maji, na wengi wao ni wamama. Siku moja nilichoka kuhesabu mashina, nikaanza kuhesabu kazi za kanga ya mama mmoja. Asubuhi alikuja akiwa amejitanda kwa sababu ya baridi. Alipofika aliizungusha ikawa ngata, akabeba juu yake kifungu cha miche. Ndani ya maji akaifunga kiunoni juu ya suruali yake ya mitumba, akaikunja ifike magotini. Mtoto alipolia, akaifungua, akambeba. Saa saba ikawa kitambaa cha kukalia chakula. Mvua kidogo, ikawa mwamvuli. Jioni ile ile kanga, ikiwa na matope, ilibeba mchicha kurudi nyumbani, wakati yeye amejifunga ile pacha yake, safi, aliyokuwa ameiacha kwenye mfuko tangu asubuhi. Akapita barabarani kama mtu anayetoka kutembea. Hapo nilielewa kwa nini ni mbili.

Nilifanya hata jaribio, musinicheke. Saa moja ya asubuhi nilifua kikwembe changu kimoja na kanga niliyoazima, nikavianika kwenye kamba moja. Saa nne kanga imekauka. Saa saba kikwembe changu kilikuwa bado na maji ku mapindo. Hakuna marudio, hakuna takwimu, profesa wangu angenikata pointi zote. Lakini mwanamke mwenye nguo mbili tatu na anayeingia majini kila siku hahitaji marudio. Waksi ni nzito, imesukwa kwa kubana, rangi imeshikwa kwa nta pande zote mbili. Hiyo njo nguvu yake katika sherehe, na njo ubaya wake katika mpunga.

Hata hivyo bado nilikuwa najiambia: sawa, ni nguo ya kazi. Mwenye kunimaliza kabisa ilikuwa msiba.

Jirani wa nyumba niliyokuwa nimepanga alifiwa na mama yake. Mama mwenye nyumba aliniambia, "Mwanangu, saa nane twende tukahani." Nilitaka kuonyesha heshima. Kwetu, ukienda ku kilio cha mtu mzima, hauendi hovyo. Nikavaa kikwembe changu kizuri, cha vipande vitatu, rangi ya njano na bulu, mabega yamesimama, kitambala kichwani nimekifunga mpaka kikawa juu sana. Nikatoka chumbani. Mama mwenye nyumba aliniangalia, akafungua kinywa, akakifunga. Nafikiri aliona muda umekwisha wa kunirudisha.

Tukafika. Wanaume kwenye mabenchi nje, wamama ndani na barazani, chini ku mikeka. Wote wamejitanda kanga. Wote. Mwalimu, muuza mayai, mke wa mwenye duka, binti wa jinzi: kanga moja imefungwa kiunoni, nyingine imefunika kichwa na mabega. Hauwezi kujua nani ana pesa na nani hana. Nguo za chini, nzuri ao mbovu, zimefunikwa. Na mimi nimesimama mlangoni kama jogoo, mabega juu, njano. Wale wamama hawakucheka, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Nikataka kukaa, sketi yangu imebana, kwenye mkeka siwezi kukunja miguu bila magoti kuonekana. Nikabaki nimeinama nusu.

Bibi mmoja mzee, simjui mpaka leo, akaniita kwa mkono. Nikamsalimia "jambo bibi", nikakumbuka, nikasema "shikamoo". Akajibu "marahaba", halafu akatoa kanga iliyokuwa juu ya kichwa chake, akabaki na ile ya kiunoni na kitambaa kidogo cha nywele. Akanifunika mimi. Kichwa, mabega, yale mabega yangu ya fundi, yote. Akavuta na pindo likafunika magoti. Akasema polepole, "Kaa sasa, mwanangu." Nikakaa. Nikalia pia, na watu wakafikiri nalilia marehemu.

Jioni nilifungua simu, nikasoma tena ile "Huku wamama hawajui kuvaa". Kwetu ku kilio tunavaa tuonekane tumekuja. Pale wanavaa mfiwa peke yake aonekane. Sisemi ipi ni nzuri kuliko ingine. Mama yangu akifa, Mungu apishe mbali, nitataka watu waje na bikwembe vyao. Lakini nilikuwa nimehukumu nguo mbele ya kujua inafanya kazi gani. Kwa mtu aliyefundishwa miaka mitano kwamba hauhukumu udongo kwa rangi yake ya juu, ni haya. (Hata nywele zao zinajua mambo haya: kuna msuko wa mistari ya kulala inayokwenda nyuma, rahisi, wa haraka. Jina lake ni "twende kilioni".)

Baada ya hapo nikaanza kuuliza na kusoma. Na hapo njo nikakuta kitu chenye kinatuhusu sisi wa Kongo.

Katika karne ya 19, nguo ya watu wa chini Zanzibar na pwani ilikuwa merikani, pamba isiyopauliwa iliyotoka viwanda vya Marekani. Wazee wetu wanalijua jina hilo, wanasema amerikani. Ile ile njo ilipanda na misafara mpaka Ujiji, mpaka Manyema, ikawa kama pesa. Wanawake watumwa walivaa merikani, ao kaniki, yaani merikani iliyotiwa rangi nyeusi ya bulu. Kichwa wazi. Kujifunika kichwa kulikuwa kwa waungwana. Upande mwingine, wanawake wenye nafasi walianza kununua leso za rangi, zile za mkono ambazo jina lake ni la Kireno, wakashona sita pamoja ziwe nguo moja. Baadaye wafanyabiashara wakaanza kuchapisha kitambaa kizima. Watu wanasema vile vya kwanza vilikuwa na madoadoa kama yule ndege kanga, jina likatoka hapo. Kenya wengi wanasema leso mpaka leo.

Mwaka 1897 utumwa ulikatazwa Zanzibar. Na wanawake waliotoka utumwani, kitu kimoja walichofanya kwa haraka ni kuacha merikani na kaniki, na kuvaa kanga. Mbili: moja mwilini, moja kichwani. Hakuna mtu angeweza tena kuangalia nguo na kusema huyu alikuwa wa nani. Sasa wale wanawake walitoka wapi? Wengi walitoka bara, na katika miaka ya mwisho wengi walitoka Manyema, kupitia Nyangwe na Kasongo, Ujiji, Tabora, mpaka Bagamoyo. Dar es Salaam, katika Kariakoo, kuna hata msikiti unaoitwa wa Manyema. Nilikuwa nimepita sehemu kubwa ya ile njia nimekaa ku kiti cha basi, nakula mayai, nacheka kitambaa.

Sijui yule bibi wa msiba asili yake ni wapi na sikumuuliza. Lakini nilipojifunza hayo, ule mkono wake uliokuwa unanifunika kichwa ulibadilika maana yake kwangu.

Sasa jina. Maneno yaliingia ku kanga mwanzoni mwa karne ya 20, kwanza kwa herufi za Kiarabu, kisha hizi zetu. Mfanyabiashara mmoja wa Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, anahesabiwa kati ya walioanzisha mtindo huo. Na hapa sisi wa Kongo tuna hatari ya pekee. Mzungu haelewi maneno, kwa hiyo anauliza. Sisi tunasoma, tunaelewa kila neno, na hatuulizi. Nilijinunulia doti yangu ya kwanza kwa sababu ya rangi, kijani na nyekundu. Jina lilisema: "Mdhaniaye ndiye kumbe siye." Nikaona ni neno la hekima, kama vile la mahubiri. Mama mwenye nyumba aliposoma akaniuliza naenda wapi nayo. Nikasema, kwa yule mama wa duka la mbele, ameniita kula. Akanishika mkono. "Wewe hujui mume wake ana habari gani mtaani? Ukiingia na hiyo, umemwambia anayemdhani wake si wake. Na wewe ni binti mgeni, hujaolewa!" Nikarudi chumbani mbio.

Njo hivyo inavyofanya kazi. Jina halimtaji mtu. Inategemea nani anavaa, anapita mbele ya nani, siku gani. Mtu akikasirika, mwenye kanga anasema: mimi nimenunua nguo tu, maneno ni ya kiwanda. Ndiyo maana mwanamke mwenye hawezi kumjibu mama mkwe kwa mdomo anaweza kumjibu kwa mgongo, akienda kisimani. Na kuna majina ya upendo, ya shukrani, ya Mungu, ya kumpa mama aliyekuzaa. Muuzaji mzuri anajua yote kwa kichwa. Ukimwambia "nampelekea mama", anapita juu ya kumi bila kuyafungua na kuvuta la kumi na moja.

Jambo moja la upande wa kazi yetu, nipite haraka. Tanzania inalima pamba nyingi, upande wa Shinyanga na Simiyu, lakini sehemu kubwa inauzwa nje ikiwa haijasokotwa, na kanga nyingi nilizozishika Kariakoo zilichapishwa India. Sisi tusicheke. Pamba ililimwa hata kwetu katika uwanda wa Ruzizi, na Wabeleji waliilazimisha Kongo nzima tangu 1917; wazee hawana kumbukumbu nzuri ya lile zao. Kalemie tulikuwa na Filtisaf, kiwanda cha kusokota na kufuma. Muulize mtu wa Kalemie leo kinatoa nini.

Mwisho, biashara, kwa sababu najua wengi wenu mulikuwa mnangoja hapo. Ndiyo, nilijaribu. Siku moja nilishuka Dar, nikatembea maduka ya mtaa wa Uhuru, nikanunua doti kumi kwa pesa iliyobaki ya mafunzo. Nilijiambia, Uvira hakuna anayeuza hizi sana, nitafungua soko. Nilifika, nikazipanga mbele ya meza ya ndagala ya mama. Wamama walizishika, wakazipima kwa vidole, wakasema, "Hii ni nyepesi, mwili utaonekana. Libaya haitasimama." Walikuwa na haki. Kitambaa cha kanga hakikutengenezwa kusimama. Mmoja alitaka anipe bei ya kitambaa cha meza.

Waliokuja kununua ni wale nisiowafikiria: wamama wenye mimba kubwa. Mmoja alisema laini yake ni nzuri kwa ngozi ya mtoto, akapeleka habari kwa wenzake wa konsultasio. Kumbe Morogoro pia mama akienda kujifungua, kanga ni ya kwanza katika mfuko. Tano zilikwenda hivyo, bila faida kubwa. Nauli ilikula yote. Ya sita mama yangu aliichukua mwenyewe. Alisema ni ya kupanguzia meza, lakini siku ya kilio cha jirani wetu wa Mulongwe nilimwona ameikata, amepinda ncha, amejifunika moja begani juu ya kikwembe chake cha Olande. Ile pacha yake alikuwa ameikunja ndani ya mkoba. Nilimwuliza ya nini. Akasema, "Kama mtu atakosa."

Zinabaki doti nne. Mwenye kuhitaji aniandikie, bei tutasikilizana. Ila ile ya kijani na nyekundu, aniambie kwanza anampelekea nani.